Mwana wa Ushujaa Alitumwa Kufundisha

Mhadhara kwa wazazi, walimu na vijana wa Same



Mmeniomba nizungumze juu ya majina ya ushujaa, na ombi hilo lina uzito wake kwa watu wa milima hii. Chukua daftari la mahudhurio la shule yoyote kuanzia Hedaru hadi Usangi, ulisome kwa sauti: Gideoni, Gabrieli, Elieza, Yoshua, Jibrili, Daudi. Hayo ni majina yaliyozaliwa Mashariki ya Kati karne nyingi kabla dini zilizoyaleta hazijapanda Upareni. Leo yanaitwa na mama wa Chome au Vudee aliyesimama mlangoni akimtaka mwanawe aje kula. Tumeyazoea mno, tunayaita kutwa nzima bila kujiuliza yanatudai nini.

Nasema yanatudai, na hiyo ndiyo hoja yangu ya leo. Jina la ushujaa katika Kiebrania humkabidhi mtoto kazi kabla hajajua kutembea. Kazi yenyewe, tukiifuatilia katika maandiko na katika historia yetu wenyewe, ni kuwalinda watu wake na kuwafundisha. Upanga umo katika habari hizi, sikatai. Hata hivyo, mara nyingi majina haya yanatupeleka kwa mtu aliyeshika kitabu, au aliyesimama shambani, au aliyeketi pamoja na wenzake akikataa kuondoka mpaka asikilizwe. Kuna jina moja ambalo nadhani wengi wenu hamjalisikia likihubiriwa, nalo litatuongoza jioni hii: Ben-haili, yaani Mwana wa Ushujaa.

Mizizi miwili

Kiebrania, kama ndugu yake Kiarabu, hujenga maneno juu ya mizizi ya konsonanti, kwa kawaida tatu. Mzizi wa kwanza tunaouhitaji ni g-b-r, wenye maana ya kuwa na nguvu, kuzidi, kushinda. Kutokana nao Waebrania wana gever, mwanamume aliyekomaa, gibori, shujaa, na gevura, ushujaa au uwezo. Uunganishe na El, yaani Mungu, unapata Gabrieli. Wafasiri wanalieleza jina hili kwa namna zinazokaribiana: Mungu ni nguvu yangu, Mungu amejionyesha kuwa shujaa, au shujaa wa Mungu. Katika maelezo yote hayo nguvu ina mwenyewe, na mwenye jina ameazimwa tu.

Sasa mtazameni huyo Gabrieli anafanya nini. Katika kitabu cha Danieli, sura ya 8 na ya 9, anatokea mara mbili, na mara zote mbili ametumwa kumfahamisha nabii maono yaliyomtatiza. Katika Injili ya Luka, sura ya 1, anamletea Zakaria habari, kisha anamletea Mariamu habari. Ndugu zetu Waislamu wanamwita Jibrili, jina lililotajwa mara tatu katika Kurani, na wanaamini kwamba ndiye aliyemshushia Mtume Muhammad wahyi, ambao mwanzo wake ulikuwa amri ya kusoma. Malaika ambaye jina lake limejaa nguvu za vita anajulikana katika dini zote mbili kwa kufafanua, kupasha habari na kusomesha. Mzazi wa Ugweno aliyemwita mwanawe Jibrili na mzazi wa Mbaga aliyemwita wake Gabrieli wamewapa watoto wao jina moja na kazi moja.

Kiswahili nacho kimeupata mzizi huu kupitia Kiarabu. Tunaposema fulani ni jabari, mtu asiyetishika, tunatumia neno la ukoo mmoja na gibori. Al-Jabbar ni mojawapo ya majina matukufu ya Mwenyezi Mungu katika Uislamu. Na Jabari limekuwa jina la watoto huku kwetu na ng'ambo, hata miongoni mwa Wamarekani weusi waliotafuta majina ya Afrika. Tena katika Kiarabu mzizi huohuo una maana ya kuunga mfupa uliovunjika, kurudishia kilichoachana. Kutokana na maana hiyo al-Khwarizmi wa Baghdad, katika karne ya 9, aliita hesabu zake al-jabr, na wanafunzi wetu wa sekondari wanaziita aljebra hadi leo. Waarabu wameweka ushujaa na uponyaji katika mzizi mmoja. Ni vema tukalikumbuka hilo tunapowafundisha vijana wa kiume kwamba nguvu ni nini.

Mzizi wa pili ni wa neno hayil, ambalo h yake hutamkwa kooni kama ile ya Muhammad. Hayil ni neno pana. Ni nguvu za mwili, ni jeshi, ni mali, ni uwezo wa kufanya kazi, na ni ubora wa tabia. Shujaa aliyekamilika huitwa gibori hayil, maneno mawili pamoja. Kitabu cha Ruthu kinampa Boazi sifa hiyo, na Boazi ni mkulima wa Bethlehemu mwenye mashamba na vibarua, anayewasalimu wavunaji wake kwa jina la Mungu na kumwachia mgeni masazo ya mavuno. Hatusomi popote katika kitabu hicho kwamba alikwenda vitani.

Kutokana na hayil yapo majina mawili. La kwanza ni Abihaili, baba yangu ni ushujaa. La pili ni Ben-haili.

Shujaa shinikizoni, shujaa shambani

Kabla ya kumfikia Ben-haili, tupite kwa mashujaa wawili wanaojulikana.

Gideoni, jina lake latokana na kitenzi cha kukata na kuangusha, kama mtu anavyoangusha mti. Waamuzi sura ya 6 inamkuta akipepeta ngano shinikizoni, mahali pa kukamulia zabibu, kwa kuwaogopa Wamidiani waliokuwa wakipora mavuno. Katika hali hiyo ya kujificha malaika anamwita shujaa, kwa maneno yaleyale mawili, gibori na hayil. Gideoni mwenyewe anashangaa. Anasema jamaa zake ni dhaifu kuliko wote katika Manase, na yeye ni mdogo nyumbani kwa baba yake. Sifa imekuja kabla ya tendo. Hata tendo la kwanza, kuivunja madhabahu ya Baali, alilifanya usiku kwa sababu aliwaogopa watu wa mji. Ushujaa wake ulikua polepole kulifuata jina aliloitwa.

Kisha kuna hesabu inayojulikana. Watu 32,000 walikusanyika. Walioogopa wakaruhusiwa kurudi, wakaondoka 22,000. Waliobaki 10,000 wakapunguzwa tena hadi 300. Baada ya ushindi watu walitaka kumfanya mtawala, yeye na mwanawe na mjukuu wake, akakataa. Lakini maandiko hayakumficha: baadaye alitengeneza naivera, vazi la kikuhani, ya dhahabu iliyogeuka mtego kwa Israeli na kwa nyumba yake. Wazazi wanaowaita watoto wao Gideoni wawape habari nzima. Shujaa aliyeshinda Wamidiani alishindwa na dhahabu aliyoiomba mwenyewe.

Wa pili ni Shama, mmoja wa mashujaa wa Daudi waliotajwa katika 2 Samweli sura ya 23. Orodha ile inahesabu watu 37, na sifa yao ni gibori. Wafilisti walikusanyika penye shamba lililojaa dengu, watu wakakimbia. Shama akasimama katikati ya shamba lile na kulitetea. Ni dengu tu zilizokuwa zikigombewa, chakula cha watu wa kawaida. Mkulima wa mpunga wa Ndungu na mkulima wa tangawizi wa Mamba hawahitaji mhubiri wa kuwaeleza kwa nini mtu afe akilinda shamba la chakula. Na mwenzake Shama aliyetajwa kabla yake ni Eleazari, ambaye jina lake linasema Mungu amesaidia. Hata pale jeshini, shujaa alitembea na jina la kukiri kwamba hajitoshelezi. Kina Elieza wetu wa hapa Upareni wana jina la ukoo huohuo wa msaada.

Ben-haili

Sasa tufungue 2 Nyakati sura ya 17. Mfalme wa Yuda ni Yehoshafati, katika karne ya 9 kabla ya Kristo. Sura inaanza na majeshi: anaweka askari katika miji yenye maboma. Inamalizika na majeshi: makamanda wanatajwa mmoja mmoja na maelfu ya watu walio chini yao, na mmoja wao, Eliada wa Benyamini, anaitwa gibori hayil. Mtu angetarajia kumkuta Mwana wa Ushujaa humo, mwanzoni au mwishoni, akiwa na ngao.

Hayumo. Ben-haili yuko katikati ya sura. Katika mwaka wa tatu wa kutawala kwake, mfalme alituma maofisa watano waende kufundisha katika miji ya Yuda, na Ben-haili ndiye wa kwanza kutajwa. Wakafuatana nao Walawi tisa na makuhani wawili. Jumla yao watu 16. Walichukua kitabu cha torati, wakazunguka katika miji yote ya Yuda wakiwafundisha watu. Baada ya hapo Biblia haimtaji tena Ben-haili. Hatuambiwi vita alivyopigana, wala mali aliyoacha, wala kaburi lake. Mwenye jina hilo ameingia katika maandiko kwa sababu moja tu, kwamba alikwenda mji kwa mji na kitabu, akafundisha.

Mwandishi wa Nyakati anaendelea kusema kwamba falme zilizozunguka Yuda zikaingiwa na hofu ya Bwana, hazikupigana na Yehoshafati. Hofu hiyo ameiandika mara tu baada ya safari ya walimu, kabla hajahesabu askari. Msomaji makini ataona mpango huo wa sura. Nchi ile ililindwa kwanza kwa kufundishwa.

Jinsi majina yalivyopanda milimani

Majina haya yalifikaje kwetu? Kwa sehemu kubwa yalikuja na watu wa vitabu. Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig walianza kazi Shigatini, kaskazini mwa Upare, mnamo 1900. Mwaka 1903 Waadventista wawili kutoka Ujerumani, Johannes Ehlers na Abraham Enns, walipanda upande wa kusini, wakaanzisha kituo huko Mamba na kukiita Friedenstal, Bonde la Amani. Kazi ya Waadventista katika Tanzania nzima ilianzia pale. Mwenzao aliyewafuata, Ernst Kotz, alijifunza Chasu, lugha ya Wapare, kwa bidii, akachapisha sarufi yake Berlin mwaka 1909, na Agano Jipya la Chasu likatoka mwaka 1922. Biblia ya Kiswahili ya Karl Roehl ilifuata mwaka 1937, na ile ya Muungano mwaka 1952. Wakatoliki nao wakajenga, na leo Same ni makao ya jimbo lao. Uislamu ulipanda kwa njia za biashara na ujirani, ukakita mizizi hasa kaskazini.

Mahali pengi darasa na ibada vilikuwa chini ya paa moja, na mwalimu ndiye aliyekuwa mwinjilisti. Mtoto alijifunza a, e, i, o, u mahali palepale alipojifunza habari za Gideoni. Jina la ubatizo likawa pia jina la shule, na jina la shule likawa jina la kazini. Ndiyo maana nasema tulipokea majina haya kutoka mikononi mwa kina Ben-haili, walimu waliotembea na kitabu, wageni wachache na Wapare wengi zaidi.

Wapare hawakubaki wapokeaji tu. Kama majirani zao Wachaga, walichukua El ya Kiebrania wakaifunga na maneno yao. Wakapata Elibariki, Elirehema, Elitumaini, Elineema, Elifuraha na Eliamani, ambayo kila msemaji wa Kiswahili anayaelewa. Wakapata Elinami, Mungu yu nami. Wakapata Elikunda, kwa kitenzi cha kupenda kinachotumika milimani. Hakuna nabii wa Israeli aliyewahi kuitwa Elirehema wala Elikunda. Majina hayo yametungwa na wazazi wa Kilimanjaro na Upare, kwa kanuni ileile iliyomtunga Gabrieli: jina la Mungu upande mmoja, na upande wa pili jambo ambalo mzazi anaomba au anashukuru. Huu ni ubunifu wa lugha unaostahili heshima, na vitabu vyetu vya shule vingepaswa kuusimulia.

Wala tusidhani kwamba kabla ya hapo watu wa milima hii hawakujua kwamba jina hubeba kazi. Washana wa Ugweno walijulikana kwa uhunzi, na jina la ukoo wao bado linakumbusha chuma. Profesa Isaria Kimambo, mwana wa Upare aliyechapisha historia ya kisiasa ya Wapare mwaka 1969, alikusanya simulizi za wazee juu ya jinsi watu wa ukoo wa Wasuya, wakiongozwa na Angovi, walivyowaondoa Washana madarakani. Lakini simulizi hizo zinampa nafasi kubwa zaidi Mranga, mwana wa Angovi, aliyepanga upya utawala na mafunzo ya jando. Baba alipindua, mwana akapanga na kulea, na ukoo ukamkumbuka mwana.

Mbiru

Nimefika kwenye jambo ambalo kila mtoto wa Same angepaswa kulijua kama anavyojua jina lake.

Mwanzoni mwa miaka ya 1940 serikali ya Kiingereza ilileta Upareni kodi mpya iliyopimwa kwa mali ya kila mtu, juu ya kodi ya kichwa iliyokuwapo. Wakaipa jina la kale, mbiru, ambalo zamani lilikuwa ushuru uliotolewa kwa watawala wa jadi. Watu hawakulikubali jina wala jambo lenyewe. Nani angehesabu ng'ombe wa jirani yake, migomba yake na mavuno yake kwa haki? Upimaji ulikuwa mikononi mwa machifu na wasaidizi wao, na upendeleo ulionekana waziwazi. Walisema wazi kwamba kodi ya kichwa wataendelea kulipa. Wanachokataa ni mbiru.

Januari 1945 walishuka. Maelfu ya wanaume kutoka pande zote za Upare waliteremka kutoka kwenye ubaridi wa milimani hadi hapa Same, penye joto na ukavu, makao ya serikali ya wilaya, wakapiga kambi. Walikaa wiki baada ya wiki. Hawakuja na jeshi. Walikuja na madai, wakataka yasikilizwe, na mvutano uliendelea kwa miaka hadi serikali ilipoiacha kodi ile. Kimambo ameeleza habari hiyo katika kitabu chake juu ya Mbiru cha mwaka 1971. Miongoni mwa viongozi waliobeba gharama alikuwa Paulo Mashambo wa Mamba, mtu aliyetoka katika jamii iliyolelewa na shule za Bonde la Amani.

Kumbukeni sasa kwamba hayil ni nguvu, na ni jeshi pia, watu wengi waliokusanyika kwa nia moja. Sioni mahali katika historia yetu ambapo neno hilo linakaa vizuri kuliko hapa. Nguvu ya Mbiru ilitoka kwenye mazoea ya zamani ya milima hii. Watu waliokuwa wakiitana kwenye msaragambo kuchimba mifereji, kujenga ndiva ya kuhifadhi maji na kutengeneza njia walijua tayari jinsi ya kufanya kazi kubwa bila kulipwa na bila kusimamiwa kwa fimbo. Walijua zamu, walijua kugawana chakula, walijua kumheshimu anayesema kwa niaba ya wote. Serikali ilidhani inakabiliana na wakaidi wa kodi. Ilikuwa inakabiliana na utaratibu wa vizazi vingi.

Na ilikabiliana na watu waliosoma. Kizazi kilichoketi Same mwaka 1945 kilikuwa na watu wanaojua kuandika barua ya malalamiko, kusoma tangazo la serikali na kutambua lilipokosewa. Walimu wa vijijini walikuwa wamefanya kazi yao kwa miaka 40. Shule za misheni hazikuanzishwa ili kuleta maandamano, lakini mtu aliyefundishwa kusoma maneno ya haki katika kitabu kitakatifu huyatafuta pia katika daftari la kodi.

Abihaili

Nilitaja jina la pili, Abihaili. Biblia ina watu watano wenye jina hili, wanaume watatu na wanawake wawili. Mmoja ni baba yake Esta. Mwingine ni mwanamke, mke wa Abishuri wa ukoo wa Yuda. Waebrania hawakuona ajabu kumwita binti kwa jina la ushujaa.

Wala hawakuona ajabu kumsifu mke kwa neno la jeshini. Boazi anamwambia Ruthu kwamba mji wote unamjua kuwa ni mwanamke wa hayil. Na Mithali sura ya 31 inafungwa na utenzi wa beti 22, kila ubeti ukianza na herufi yake katika alfabeti ya Kiebrania, kumsifu eshet hayil, mwanamke wa ushujaa. Biblia yetu ya Kiswahili inamwita mke mwema. Ni jina zuri, ila linapunguza sauti. Mwanamke yule ananunua shamba kwa uamuzi wake, anaamka kabla ya alfajiri, anajifunga nguvu viunoni kama askari, anamnyoshea maskini mkono, na kinywani mwake mna mafundisho. Familia za Kiyahudi huuimba utenzi huo mezani Ijumaa jioni, Sabato inapoingia. Waadventista wa Suji na Giti, mnaofungua Sabato saa hiyohiyo jua linapozama, mna nafasi kila juma ya kuwakumbuka wanawake wa nyumba zenu kwa neno hilo.

Upare unao wanawake wa hayil katika historia yake iliyoandikwa. Katika mvutano uleule wa Mbiru, wanaume wakiwa kambini, shamba na mifugo na watoto vilibaki mikononi mwa wake zao. Wanawake wa Usangi hawakuishia hapo. Waliandamana wenyewe, wakamkabili ofisa wa serikali na kutaka shauri limalizwe ili waume zao warudi nyumbani. Wakati ule serikali haikuwa na mazoea ya kumsikiliza mwanamke wa kijijini katika shauri la kodi. Walijifanya wasikilizwe. Tunaposimulia Mbiru na kuwataja wanaume peke yao tunasimulia nusu ya Mbiru.

Tunachodaiwa

Ndugu zangu, nimetoka Yuda ya Yehoshafati hadi viwanja vya Same ili kusema neno moja. Majina tuliyowapa watoto wetu yana mkataba ndani yake, na wenye kuutekeleza kwanza ni sisi tuliowaita.

Kwa wazazi: siku ya ubatizo au ya akika, mtoto akipewa jina, mmoja wa wazee asimame aeleze maana yake na habari ya mwenye jina wa kwanza, mazuri yake na makosa yake. Akikua aambiwe tena, maana siku ile hakusikia. Mtoto anayejua kwamba Gideoni aliitwa shujaa akiwa amejificha hatakata tamaa siku anapoogopa. Na ukimpa mwanao jina la Chasu, lieleze vilevile. Lugha ya mama ina haki hiyo sawa na Kiebrania.

Kwa walimu: ninyi ndio warithi halali wa Ben-haili. Mwalimu aliyepangiwa shule ya mlimani, anayepanda kwa miguu wakati wa masika barabara zikiwa zimekatika, anafanya kazi ileile iliyoandikwa katika 2 Nyakati. Asikubali kuambiwa kwamba amekosa kazi ya maana ndipo akashika chaki. Wapeni wanafunzi zoezi hili: kila mmoja amuulize bibi au babu yake jina lake lilitoka kwa nani na kwa nini, aandike ukurasa mmoja. Mtakusanya historia ya kata nzima katika muhula mmoja.

Kwa viongozi wa dini na wa serikali: waliokwenda Same mwaka 1945 wametutoka karibu wote, lakini watoto wao wapo, nao ni wazee. Wanakumbuka walichosimuliwa, nani alibeba chakula, nani alirudi mgonjwa, nani alifungwa. Wahojini sasa, Mlutheri, Mwadventista, Mkatoliki na Mwislamu pamoja, kwa maana wote walikuwa kambini. Maandishi hayo yawekwe hapa Same mahali ambapo mwanafunzi anaweza kuyasoma bila kusafiri hadi Dar es Salaam.

Kwa vijana wa kiume: mmeitwa majabari, kina Gabrieli na Jibrili. Nguvu mliyonayo mmeazimwa, na itaulizwa ilitumikaje. Mkono unaompiga mke au kumnyang'anya mnyonge umelikana jina lake. Kwa mabinti: ushujaa ni wenu kwa haki, tangu Abihaili hadi wanawake wa Usangi, msisubiri kukaribishwa.

Nimalizie kwa kuwaomba jambo moja linaloweza kuanza usiku huu. Mkifika nyumbani, kila mzazi amwite mwanawe kwa jina lake lote, amweleze lina maana gani, na amwambie ukoo unamtegemea kwa kazi gani.